Ngege wa Magurudumu Manne

Jumatatu, 30 Novemba 1964

Shule imefungwa. Mwalimu Jared ametuagiza tuandike Kiswahili kila siku ya likizo, maana nyumbani tutasema Kidholuo mpaka Januari, turudi tumesahau ngeli zote. Amesema pia tuandike mambo ya kweli na tuwe watu wa shukrani. Basi naanza. Nashukuru kwa daftari hili. Nashukuru kwa kalamu, ingawa inavuja.

Habari kubwa. Mzee Dishon, naibu wa chifu, ametangaza sokoni kwamba tarehe kumi na mbili Desemba, siku ya Jamhuri, kutakuwa na maandamano ya magari yaliyopambwa kule Homa Bay, mbele ya Bwana DC, mkuu wa wilaya. Kila lokesheni ilete gari moja. Gari litakaloshinda litapewa mabati ya kuezeka chumba kimoja cha shule.

Mabati! Nikasahau kwamba nina ndoo ya maji kichwani. Nashukuru ilikuwa nusu tu.

Chumba chetu cha darasa la saba kina kuta na hakina paa. Afisa wa elimu alikuja, akaingia ndani, akatazama juu, akaona mawingu. Akasema bila paa hakuna darasa la saba. Mimi nimemaliza la sita. Baba amesema kama la saba halitafunguliwa hapa Sindo nitakaa nyumbani, nimsaidie Mama kuanika samaki. Hakusema kwa ubaya. Homa Bay ni mbali na hatuna jamaa huko. Lakini nikiwaza kuanika samaki mpaka nizeeke, pumzi inakuwa fupi.

Kamati imeundwa jioni hiihii. Mimi ni karani, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Jumanne, 1 Desemba

Kamati imekutana dukani kwa Bwana Nyabuto. Yeye ni Mkisii, mfanyabiashara, Msabato, mtu wa haki kiasi kwamba hakuna anayebishana na mizani yake. Ndiye pekee mwenye gari hapa: pikapu ya kijivu. Amekubali kuitoa pamoja na dereva wake, Javan, siku hiyo ya kumi na mbili. Tukapiga makofi.

Sasa gari lipambwe vipi? Mzee Dishon alitaka ngao kubwa na mikuki. Nicanor, fundi wa mitumbwi, akasema kwa unyenyekevu kwamba anajua kujenga kitu cha umbo moja tu, nalo ni umbo la mtumbwi. Nikainua mkono. Nikasema ajenge basi ngege, samaki wetu, mkubwa wa kufunika gari lote, fito kwa mafunjo, kichwa mbele na mkia nyuma. Kisha Bwana Nyabuto akasema msichana huyu ana akili. Nilishukuru kimoyomoyo mara kadhaa.

Halafu wakakubaliana kwamba juu ya ngege akae msichana mwenye gauni jeupe, ndiye awe Jamhuri. Niliinua kidevu kidogo ili shingo yangu ionekane. Wakamchagua Mokeira, binti wa Bwana Nyabuto. Tunakaa naye dawati moja. Yeye huwa wa kwanza darasani, mimi wa pili. Gari ni la baba yake, kwa hiyo ni haki. Kwa kweli ni haki. Nimeandika mara mbili ili niamini.

Alhamisi, 3 Desemba

Ngege anahitaji rangi ya fedha ili ang'ae. Rangi ipo dukani, kama yalivyomo mabati ghalani, lakini kamati haina hata senti. Nikabuni mpango: mimi na Mokeira tupite sokoni tuchangishe. Nilikariri hotuba. Ilianza na "Mabibi na mabwana" na kuishia na "kizazi kijacho."

Akina mama wa sokoni walinisikiliza mpaka mwisho. Wakasema ni hotuba nzuri. Wakaniuliza kama nimekula. Hakuna aliyetoa sarafu, ila kila mmoja alitoa omena, dagaa wetu wa ziwani. Bakuli hapa, karai pale. Mokeira alishika gunia, mimi nikashukuru. Kufikia mchana tulikuwa na magunia mawili yaliyojaa.

Mpango wa pili: tuwauze hao omena tununue rangi. Tukakaa kando ya barabara. Waliopita wote walikuwa wamebeba omena wao. Mzee mmoja alitutazama kwa huruma, akatuongezea kibaba.

Nilikuwa karibu kulia. Kisha jua likatoka nyuma ya wingu na kupiga gunia lililokuwa wazi, nalo likang'aa kama dirisha la kanisa. Mpango wa tatu! Omena wenyewe ndio wawe magamba! Tutawabandika mmoja mmoja kwa uji mzito wa muhogo.

Nicanor aliniuliza kama nina homa. Mokeira akasema wazo hilo ni la kipumbavu ila linang'aa. Kutoka kwake hiyo ni sifa.

Jumamosi, 5 Desemba

Kazi imesimama. Nusu ya kamati ni Wasabato nao wako kanisani, Mokeira na baba yake wakiwa mbele kabisa. Duka limefungwa. Hata pikapu imefunikwa turubai, imepumzika. Nicanor ni Mkatoliki kama sisi, lakini amesema nusu ya kamati ikipumzika naye atapumzika kuwaunga mkono, na kesho Jumapili atapumzika kwa niaba yake mwenyewe.

Nimekwenda kumtazama ngege peke yangu. Mbavu zake zimesimama, fito zimepinda vizuri. Nimekaa kwenye kivuli chake. Wiki moja kamili imebaki mpaka siku ya maandamano. Nimehesabu kwa vidole nikahakikisha. Namshukuru Mungu kwa utulivu wa siku kama hii.

Jumatatu, 7 Desemba

Mwili wa ngege umekamilika. Nicanor amesuka mafunjo, akaziba kila upenyo kwa nyuzi na utomvu kama azibavyo mitumbwi. Wanaume wakamwinua, wakamfunika juu ya pikapu. Alitosha kama kofia. Javan akaingia kwa chini, akakaa kwenye usukani. Baada ya muda sauti yake ikatoka ndani ikiuliza mbele ni upande gani.

Hapakuwa na dirisha.

Tukamwomba Nicanor atoboe. Akakasirika. Akasema hakuna kitu alichojenga kilichowahi kuvuja, na hataanza leo kwa ajili ya dereva. Mzee Dishon alimbembeleza mpaka saa ya chakula. Mwishowe akakubali kumfungua ngege kinywa, kwa kuwa samaki ana haki ya kuwa na kinywa. Javan sasa anaona barabara kidogo na mbingu kiasi. Anasema sasa anamwelewa Nabii Yona.

Jumanne, 8 Desemba

Tumebandika omena tangu asubuhi. Akina mama wote walikuja, hata Dani, bibi yangu, ambaye haendi popote ambako hakuna maziko. Alikaa chini ya mkia akabandika kwa mpangilio, vichwa vyote vikielekea upande mmoja, na yeyote aliyebandika kinyume alibanduliwa omena wake na kuambiwa aanze upya. Waliimba. Uji wa muhogo ulipungua kwa kuwa watoto waliulamba.

Jua lilipoanza kushuka tukarudi nyuma kutazama. Sijawahi kuona kitu kama kile. Aling'aa mwili mzima, kama ametoka majini sasa hivi na maji yanamchuruzika. Bwana Nyabuto alitoka dukani. Akavua kofia.

Kisha kuku wakaja. Halafu paka wa soko. Nikabuni ulinzi: nikamfunga mbwa wetu kwenye gurudumu awafukuze. Aliwafukuza wote vizuri sana, kisha akala pezi la mkia. Nashukuru alikula upande mmoja tu, ule ambao hautamwelekea DC.

Jumatano, 9 Desemba

Nitaandika taratibu.

Leo Mokeira alikuwa akijaribu gauni jeupe ndani ya duka. Akanituma nitazame kalenda iliyo ukutani, tujue siku ya kulipiga pasi. Nikatazama. Nikatazama tena. Nikamwita. Tukakaa wote wawili juu ya gunia la chumvi.

Tarehe kumi na mbili ni Jumamosi.

Mzee Dishon alitangaza tarehe. Sisi sote tukaisema kama tarehe. Mzee Dishon mwenyewe ni Msabato! Na mimi ambaye juu ya kila ukurasa wa daftari hili naandika siku, tena kwa mwandiko mzuri!

Bwana Nyabuto alipoambiwa alitoa Biblia yake. Akafungua Kutoka, sura ya ishirini, akatusomea kwamba siku ya saba mtu asifanye kazi, wala mwanawe, wala binti yake, wala mtumishi wake, wala mnyama wake, wala mgeni aliye ndani ya malango yake. Akafunga kitabu.

"Pikapu ni maksai wangu," akasema. "Maksai wangu hafanyi kazi Sabato."

Hakusema kwa ukali. Nadhani ilimuuma, maana alikuwa amekwisha kumvulia yule ngege kofia. Mokeira alilia ndani ya gauni. Anajua kama mimi: bila paa, naye hana la saba. Baba yake anaweza kumpeleka Kisii kwa shangazi, lakini shangazi huyo ana watoto wadogo wengi na amekuwa akitafuta yaya.

Kamati ilikutana kwa dharura. Mzee Dishon alipendekeza DC aombwe kuisogeza Jamhuri hadi Jumapili. Nicanor akasema tumshushe ngege ziwani, kwa hakika ataelea.

Lazima niandike kweli. Moyoni kulipita wazo kwamba sasa atahitajika msichana mwingine wa gauni jeupe. Lilipita haraka. Namshukuru Mungu kwamba mioyo haina madirisha.

Alhamisi, 10 Desemba

Nimeisoma ile sura tena, polepole, kama Mwalimu Jared alivyotufundisha kusoma swali la mtihani. Mnyama wake. Mtumishi wake. Malango yake. Hakuna neno lolote juu ya maksai wa jirani!

Nikakimbia dukani. Nikamwambia Bwana Nyabuto: kama kesho, kabla jua halijazama na Sabato kuanza, atampa pikapu mtu asiye Msabato, ikatoka nje ya malango yake, na Javan, ambaye si Msabato, akapewa likizo ya siku moja, basi Jumamosi itakayofanya kazi si pikapu yake. Jumapili tutaona.

Akanitazama sana. Akaniuliza ampe nani. Mzee Dishon hafai. Baba yuko Rusinga kuvua. Nicanor alijitolea papo hapo, na Bwana Nyabuto akasema Nicanor hampi hata tairi la akiba. Ndipo nikamtaja Dani. Mzee. Mjane. Mkatoliki. Hana mahali pa kwenda na gari. Amekamilika!

Bwana Nyabuto aliwaza mchana kutwa. Jioni akaniita. Akasema Mungu hachezewi. Ikiwa ni zawadi, iwe zawadi kweli. Mtu yeyote asitamke neno la kurudisha, kwa kuwa zawadi yenye kurudishwa ni mkopo, na maksai wa kukopesha bado ni maksai wake. Nikamwambia hivyo ndivyo hasa nilivyokusudia. Nilijivunia mpango huu hata nikasahau kula.

Ijumaa, 11 Desemba

Makabidhiano yamefanyika nyumbani kwa Dani, jua likiwa bado juu ya kilima. Mzee Dishon alikuwa shahidi. Dani hajui Kiswahili, na Kidholuo cha Bwana Nyabuto ni cha bei tu, kwa hiyo mimi nilikuwa mkalimani.

Dani aliuliza kama gari ni lake lote au sehemu. Nikatafsiri. Bwana Nyabuto akasimama wima, akasema kwa sauti ili na mbingu isikie, "Ni lake lote, tangu taa za mbele mpaka bomba la moshi."

Dani akauliza, na honi?

Bwana Nyabuto akameza mate. Na honi.

Dani akamzunguka ngege mara moja, akainama, akaingia kwa chini, akakaa kiti cha mbele na mkoba wake magotini. Hakutoka mpaka Javan alipomwonyesha mahali pa kubonyeza. Alibonyeza. Mbuzi walikimbia. Kisha akatoka, akamshika Bwana Nyabuto mikono yote miwili, akamwita mtoto wa mama yake. Nikatafsiri: ndugu yangu. Macho ya Bwana Nyabuto yakalengwa na machozi. Nilidhani ni furaha.

Mokeira amenipa gauni. Ni yeye aliyenichagua mbele ya kamati, wala hakuulizwa. Pindo alilipandisha mwenyewe, maana mimi ni mfupi. Akaniambia, "Kaa wima. Usikanyage pindo. Na ukifika mbele ya DC usianze kumshukuru kila mtu, wewe punga mkono tu." Akageuka akaenda kanisani, kwa kuwa jua lilikuwa linazama. Nilitaka kusema kitu. Sikuwa na ngeli yoyote kinywani.

Jumamosi, 12 Desemba

Tumerudi. Naandika nikiwa na gauni lenye madoa ambayo sitayaeleza.

Tuliondoka alfajiri. Javan kwenye usukani, Dani pembeni yake kama mwenye gari, akina mama nyuma ndani ya tumbo, mimi juu nimeshikilia pezi la mgongo. Bonde la Lambwe lilikuwa refu. Mbung'o waliniuma shingo ile niliyokuwa nimeiinua. Kila shimo la barabara tuliangusha omena wachache, na kila kijiji tulichopita kilitupa mbwa wa kutusindikiza. Lakini tulipoingia Homa Bay ngege alikuwa bado anang'aa. Watu walisimama. Mtoto mmoja alimwambia mama yake kwamba samaki yule yu hai. Nikapunga mkono. Nilijisikia Jamhuri kabisa.

Mbele yetu kulikuwa na simba wa pamba kutoka Migori, na nyumba ya wafanyabiashara wa mjini yenye balbu za umeme. Tuliwashinda wote! Naapa tuliwashinda, mpaka tulipokata kona karibu na mahali wanapotolea samaki.

Kulikuwa na kongoti mmoja juu ya banda. Mnawajua: kipara, miguu mirefu, mfuko shingoni, sura ya mzee aliyekataliwa mkopo. Akanitazama. Akatazama ngege. Akaja. Nikampungia mkono aende zake. Kumbe kupunga hakumfukuzi kongoti. Nadhani aliona anakaribishwa. Akaja wa pili. Wakaja mwewe. Wakaja yangeyange. Tulipofika mbele ya jukwaa sikuwa nikimwona DC, nilikuwa nikiona mabawa. Waliobaki kanisani watauliza kama DC alisimama kwa heshima. Alisimama, ila nadhani ni ili aone vizuri. Kongoti mmoja alikuwa ameingiza kichwa katika kinywa cha ngege, kwa hiyo Javan alikuwa akiendesha huku akitazamana naye. Dani akabonyeza honi. Hakuiachia mpaka tulipopita jukwaa lote.

Tulipotoka upande wa pili ngege alikuwa mafunjo matupu.

Watu walicheka hadi wakashikana. Walitupigia makofi kuliko magari yote. Mwamuzi mmoja alikuja na karatasi akauliza maana ya onyesho letu. Nikamjibu kwamba ngege ni mali ya nchi, ndege ni wananchi, na sasa kila mmoja amepata fungu lake. Aliandika yote. Akaniuliza tuliwafundishaje wale ndege. Nikasema kwa subira.

Nyumba ya balbu ilipata mabati. Sisi tulikuwa wa tatu. Tulipewa jembe.

Nililipokea kwa mikono miwili. Niliwashukuru waamuzi mmoja mmoja, pamoja na aliyeshika kamba ya kuzuia watu. Kisha nikaingia chini ya ngege, mahali ambapo hakuna dirisha, nikalia hadi Lambwe.

Jumapili, 13 Desemba

Baada ya Misa Bwana Nyabuto amekuja kwa Dani, na Mokeira nyuma yake, na Javan, na Mzee Dishon. Alileta sukari na majani ya chai. Dani alishukuru kwa sukari. Wakazungumza juu ya mvua. Wakazungumza juu ya afya. Bwana Nyabuto akakohoa, akaitazama pikapu iliyokuwa uani na mifupa ya ngege juu yake. Dani naye akaitazama. Akasema tangu gari liingie bomani mwake analala vizuri, na ndama amependa kivuli chake. Nikatafsiri.

Bwana Nyabuto akasema, kwa heshima zote, amekuja kuchukua gari lake.

Dani akauliza gari lipi. Nikatafsiri kwa sauti ndogo.

Akasema pikapu. Pikapu yake.

Dani akanyoosha miguu. Akaniambia nitafsiri neno kwa neno, nisipunguze wala nisilainishe. Nami nikatafsiri, nikitazama ardhi:

"Kama gari ni lako, basi jana lilifanya kazi siku ya Sabato. Kama halikuvunja Sabato, basi ni langu. Chagua wewe, ndugu yangu."

Mzee Dishon, shahidi, alikuwa akichunguza viatu vyake. Javan alijikuta ana kazi ya kukagua tairi. Bwana Nyabuto akatafuta kigoda akakaa. Nilitaka ardhi inimeze, kwa kuwa mpango ulikuwa wangu, na mtu mwenye haki kuliko wote Sindo alikuwa ameketi kwenye kigoda cha bibi yangu bila gari, kwa sababu alikataa kumdanganya Mungu.

Mwishowe akamwuliza Dani, polepole, kama angekubali kubadilishana.

Dani akasema yeye ni mzee, hajui kuendesha, na honi amekwisha kuipiga ya kutosha. Angekubali kitu kidogo tu. Angekubali mabati kutoka ghala la duka, yanayotosha kufunika chumba kile ambamo wasichana hawa wawili wanatakiwa kukaa Januari.

Nikaanza kutafsiri. Katikati sauti ikakatika. Mokeira akaja kusimama karibu nami, akamaliza kwa Kikisii. Akaongeza na neno lake, fupi, ambalo hakuna aliyenitafsiria. Baba yake akamtazama. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu mabegani, halafu mwili wote. Akasema amefanya biashara tangu ujana, ameshindwa na mvua, ameshindwa na barabara, lakini hajawahi kushindwa kwa Kutoka ishirini. Akasema mabati yatakuja kesho. Na anamshukuru Mungu kwamba mwanamke huyu hakukumbuka misumari.

Nikatafsiri.

Dani akasema na misumari.

Jumatatu, 14 Desemba

Mabati yanapigiliwa. Nyundo zinasikika mpaka ziwani. Nicanor yuko juu ya paa akiziba kila upenyo kwa utomvu, anaapa kwamba darasa hili likitumbukizwa ziwani litaelea. Mwalimu Jared amefika kwa baiskeli, amesimama ndani, ametazama juu, hakuona wingu lolote. Amesema atakwenda mwenyewe kwa afisa wa elimu. Baba amerudi kutoka Rusinga, akaja moja kwa moja na nyavu begani. Akagonga ukuta kwa kiganja. Akasema, "Januari, basi." Nami nimeyaandika yote aliyosema.

Mimi na Mokeira tumekaa chini ya paa, sakafuni, hakuna dawati bado. Amesema atakuwa wa kwanza. Nimesema najua.

Bwana Nyabuto ameosha pikapu kwa mche mzima wa sabuni. Kila anapoegesha watu wanakuja kuuliza bei ya omena. Amenipungia mkono kwa mbali, kwa tahadhari. Nashukuru hana kinyongo.

Sasa nimekaa nikatafakari makosa yetu, kama mtu aliyesoma anavyopaswa. Nimeona kosa lilikuwa moja tu: omena walikuwa wachache. Mwakani tutaweka tabaka mbili, ndege waile ile ya juu washibe, ya chini ibaki iking'aa.

Na sitamsumbua tena Msabato. Nimekwenda dukani, nikaomba kalenda mpya ya mwaka ujao, nikaisoma kwa makini mara mbili. Tarehe kumi na mbili Desemba itakuwa Jumapili. Siku nzuri, watu hawana kazi! Basi Padri wetu alipopita leo kutoka misheni kuliona paa nimemwomba mapema Landrova yake ya misheni. Siku hiyo ataihitajia nini? Nimemtajia tarehe tu, naye amekubali palepale. Namshukuru sana Padri.